Nilipewa Ng'ombe, Nikaombwa Ushahidi

Kama Jumapili iliyopita gazeti lilifungia maandazi nyumbani kwako kabla hujalisoma, usijali, nitakukumbusha kwa ufupi. Mimi ndiye Mutsinzi, yule niliyekulia Ngara, ambako baba alikwenda kutafuta kibarua. Nilirudi Kigali nikiwa mtu mzima, nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha maziwa cha bwana mmoja aitwaye Niyonzima. Wafanyakazi wote tulimwita Patroni. Kazi yangu ilikuwa kusimama getini kila asubuhi na mwenzangu Cassien, tupime maziwa ya wauzaji kabla hayajaingia ndani.

Cassien na mimi tulikuwa walokole. Tuliomba pamoja kando ya geti kabla ya kuanza kazi, na hatukupokea kitu kwa muuzaji yeyote, hata ndizi moja. Patroni alitusifia kwa wageni wake. Nilipomchumbia Annah, na baba yake akataka ng'ombe wa mahari kama desturi ilivyo, Patroni alitoa ng'ombe wake mwenyewe, mwenye mimba, akaniambia nisimshukuru. Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Ndipo vita vya Oktoba mwaka tisini vikaanza kule mpakani, na mjini watu wakaanza kukamatwa na kuitwa ibyitso, yaani vibaraka wa adui. Katikati ya hayo, mdogo wake Patroni akaleta maziwa mabovu. Cassien akayapima mbele ya wauzaji wote: maziwa kidogo kwenye bilauri ya kupimia, spiriti kidogo kutoka kwenye kichupa, unatikisa, yakiganda hayafai. Yakaganda. Yule bwana akapiga kelele kwamba kichupa cha Cassien ndicho kilichoua maziwa yake, na sisi tukacheka.

Maziwa yale yale yakaingizwa kwa mlango wa nyuma, yakapelekwa kwenye kambi moja ya jeshi, askari wakaharisha hadi wengine wakalazwa. Nilikuachia pale Cassien alipochukuliwa na askari getini akiwa na gambuti zake miguuni, akituhumiwa kuwatilia askari sumu. Endelea basi kunisikitikia, kwa sababu kuanzia hapo mambo yalizidi kuharibika.

Asubuhi iliyofuata Patroni aliniita ofisini. Alijua sinywi pombe, kwa hiyo alinifungulia Fanta. Alionja yeye kwanza, kama tunavyofanya kwetu ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha akanikabidhi chupa kwa mikono miwili.

"Kunywa, mutoto yangu," alisema kwa kile Kiswahili chake cha biashara za Bukavu. "Iko safi."

Akaniambia kwamba ugonjwa wa wale askari lazima upate mwenyewe. Usipokuwa wa Cassien, utakuwa wa mdogo wake, halafu utakuwa wake yeye, kiwanda kitafungwa na sote tutarudi kulima. Hakutaka niseme uongo. Alijua mimi ni mlokole na aliheshimu sana jambo hilo. Alitaka neno moja tu, tena la kweli.

"Weye uliona Cassien na kachupa, ao hukuona?"

"Nilimwona, Patroni, lakini kile ni kichupa cha spiriti, cha kupimia. Kila siku tuna..."

"Mimi sikuuliza mambo ya kupimia. Uliona ao hukuona?"

"Nilimwona."

"Basi. Ni hiyo tu utawaambia. Watakuita."

Kisha akabadilisha mazungumzo. Akaniuliza ng'ombe anaendeleaje huko ukweni, kama amekwisha kuzaa, kama nyasi zinatosha. Aliuliza kwa upole kabisa.

Wewe uliyekulia mahali pengine huenda hutanielewa. Kwetu, mtu aliyekupa ng'ombe amekununua bila kukununua. Watu wakitaka kuaminika huapa kwa jina lake: fulani alinipa ng'ombe, sisemi uongo. Husimami mbele ya wakubwa kumpinga, hata kama amekosea. Ukitaka kumpinga, unamrudishia ng'ombe wake kwanza, na siku unayomrudishia ndiyo siku mnayokuwa maadui.

Nilikwenda kwa mchungaji wetu. Nilimweleza yote, naye akawa anaangalia dirishani muda wote kama kuna mtu anasikiliza nje. Akasema nisiseme uongo, maana uongo ni dhambi. Akasema pia wenye mamlaka waheshimiwe. Mwisho akanishauri nijibu ninaloulizwa na mengine nimwachie Mungu, akaniombea sala ndefu mno. Nilitoka pale moyo umetulia, na hicho ndicho kinachonitia uchungu hadi leo, kwamba moyo ulitulia.

Siku hiyo hiyo mchana akaja Aidah, mke wa Cassien. Alikuwa mtoto wa Nyamirambo, wa nyumba ya mafundi cherehani, Waislamu watupu, na kaka zake hawakupenda aolewe na mlokole. Alinikuta nasuuza ndoo za kukusanyia maziwa. Hakunisalimu kwa mzunguko kama kawaida yake.

"Shemeji, nimesikia watakuita," alisema. "Sema hukuona chupa yoyote. Neno hilo moja tu."

Nilimwambia siwezi kusema uongo. Lakini asiogope, nitawaeleza kila kitu: kazi ya spiriti, maziwa ya mdogo wake Patroni, mlango wa nyuma. Nitamshtaki Patroni mwenyewe kama itabidi. Ukweli wote ukisemwa, nilimwambia, Cassien atakuwa nyumbani wiki hii. Nilikuwa natumia ile sauti yangu ya kuhubiri. Ningejisikia mwenyewe, ningejizaba kofi.

"Shemeji, wale hawataki wote," alisema Aidah. "Wanataka kipande tu. Usiwape hicho kipande."

Nikamwambia tuombe. Aliniangalia kama nguo iliyokatwa vibaya, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Askari wakaniita kambini kwao. Ofisa alikuwa kijana wa umri wangu, kanyoa vizuri, anazungumza Kiswahili cha kambini. Patroni alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani na kofia mapajani. Cassien alikuwa sakafuni. Gambuti zilishachukuliwa, miguu mitupu imevimba, na jicho moja lilikuwa limefunga.

"Wewe iko mulokole?" ofisa aliniuliza.

"Ndiyo, afande."

"Balokole hawasemagi uongo. Ni kweli?"

"Hatusemi, afande."

"Ulimwona huyu na chupa?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Maneno ya Aidah yalinijia yote, neno kwa neno. Lakini nilikuwa nimeshajipanga. Nilikuwa nimeamka na kufunga, nimevaa shati langu la ibada, nataka Mungu anione. Kusema kweli, nadhani nilitaka hata Patroni anione.

"Nilimwona, afande, lakini ile chupa ni ya..."

"Alimwaga kwenye maziwa?"

"Alimwaga kwenye maziwa ya kipimo. Yale humwagwa, hayaingii..."

"Alimwaga," alisema ofisa, akaandika.

Mimi nikaendelea. Nilieleza spiriti, nikaeleza kuganda, nikamtaja mdogo wake Patroni kwa jina, nikataja mlango wa nyuma. Nilisema ukweli wote kama nilivyoahidi. Ofisa alikuwa ameshafunga kalamu na anauliza nje kama chai imeletwa. Askari akanishika bega kunitoa.

Nilipompita Cassien, aliinua uso.

"Asante, ndugu," alisema. "Umesema kweli."

Hakuwa ananisimanga. Angenitemea mate ningepona haraka.

Baada ya hapo sikuwa na pa kuweka uso. Nyamirambo nzima ilijua kwamba Mutsinzi amemuuza mwenzake kwa ng'ombe. Nilipita mtaa ule mara moja tu, fundi mmoja akasimamisha cherehani yake hadi nimalize kupita. Kanisani watu walinipa mkono kwa ncha za vidole, ingawa hakuna aliyeweza kuniambia nilikosea wapi, kwa kuwa sikusema uongo. Nilijitetea hivyo hata mimi mwenyewe nikiwa peke yangu, na haikusaidia.

Patroni ndiye pekee aliyenifurahia. Alinipa koti jipya la kazi na kunifanya mkubwa wa geti. Spiriti ilipigwa marufuku kiwandani, na maziwa ya mdogo wake yakawa yanapita getini kwa heshima zote, mimi nikiyapokea. Yalinuka, nikayapokea. Kila nilipopokea ndoo nilijiambia kesho nitakataa.

Halafu ukafunguka mlango wa kumwokoa Cassien. Kaka yake Aidah alikuwa anamshonea sare mkubwa mmoja wa jeshi, naye huyo mkubwa akakubali kesi isikilizwe tena, kwa hisani ya mafundi wake. Shahidi akirudi na kusema alikosea, hakuona chupa, mtuhumiwa aachiwe. Asiporudi, Cassien atapakiwa kwenye lori pamoja na wengine kupelekwa gereza la mikoani, na habari za huko tulizisikia. Watu hawakuwa wanarudi.

Aidah hakuja mwenyewe. Alimtuma huyo kaka yake, akasimama mlangoni kwangu akakataa kukaa.

"Dada anasema hakuombi," alisema. "Anakuarifu tu."

Niliamua kusema uongo. Naandika hivyo wazi kwa sababu kuna wasomaji watakaoniandikia kunikumbusha amri. Nazijua. Nilikaa na Biblia magotini nikatafuta mahali pa kupitia, sikupata, nikaifunga nikaamua hivyo hivyo. Lakini nisingeweza kukaa chumba kimoja na Patroni na kuvunja neno lake wakati ng'ombe wake anakula nyasi ukweni kwangu. Ilibidi nianze na ng'ombe.

Kwa kina Annah ni Kibagabaga, kwenye mashamba. Baba yake alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ng'ombe yule alipokelewa mbele ya ukoo, akasifiwa kwa majina, pombe ikanywewa. Ng'ombe wa namna hiyo harudi. Akiondoka, binti anabaki, na mimi nisikanyage tena pale. Alisema bila hasira, na nilijua hatabadilika.

Kabla sijaondoka, Annah akatokea nyuma ya nyumba. Kamba ilikuwa mkononi na ng'ombe anamfuata.

"Annah, baba amesema..."

"Nimesikia alichosema," alisema. "Nikiolewa kwa ng'ombe huyu, maziwa yake nitayanywaje? Mpeleke."

Akaniwekea kamba mkononi. Nilitaka kumshika, lakini baba yake alikuwa anatutazama. Annah hakulia. Mimi nililia kutoka pale hadi barabara kubwa, mwanaume mzima nakokota ng'ombe mwenye mimba, na watu wakiniuliza kama namuuza.

Patroni alikuwa getini nilipofika. Alipoiona kamba, aliweka mikono nyuma. Akaniuliza taratibu kama ng'ombe anaumwa. Nikamjibu haumwi, nimemrudisha, kwa sababu kesho nakwenda kusema kinyume na neno lake. Wauzaji wa maziwa walikuwa wamesimama na baiskeli zao, wakainamisha macho kana kwamba wamekuta watu uchi.

Patroni hakuipokea kamba. Aliingia ndani, akaamuru geti lifungwe, mimi na ng'ombe tukabaki nje. Kisha akanisogelea kupitia vyuma.

"Mutsinzi, hapa getini mulikuwa bawili," alisema. "Mimi nilikuwa nimesahau wa pili. Sasa nimekumbuka."

Nilimfunga yule ng'ombe kwenye nguzo ya uzio nikaondoka bila kazi, bila mchumba, bila patroni. Sikuwahi kujua nani alimchukua.

Kesho yake nilikuta Patroni ameshafika, yuko kwenye benchi lile lile. Aidah aliruhusiwa kusimama karibu na mlango. Ofisa alikuwa amenuna, maana amri ya kurudia kesi ilitoka juu yake na hakuipenda. Wakamleta Cassien wakimshikilia makwapa, kisha wakamwachia, akayumba lakini hakuanguka.

"Wananiambia umebadilisha mudomo," ofisa aliniambia. "Chupa uliona ao hukuona?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima. Tangu nilipookoka sikuwa nimesema uongo, hata sokoni nikiulizwa nina faranga ngapi. Niliangalia ukuta.

"Sikuona chupa yoyote, afande. Siku ile niliogopa, nikasema tu."

Uongo ulitoka kirahisi. Nilishangaa jinsi ulivyotoka kirahisi, na ndani yangu nikahisi kitu kimezimika. Lakini nilimwona Aidah ameziba mdomo kwa kanga na mabega yake yanatetemeka, nikajiambia vyema, na kizimike.

Ofisa akacheka bila furaha. Alisema basi mimi ni muongo wa siku ile au muongo wa leo, na hayo atayashughulikia baadaye, lakini amri ni amri. Mtu wetu ataondoka. Imebaki tu mwenyewe akubaliane na shahidi, iandikwe, iishe. Wakitofautiana, akasema akimwangalia Patroni, itakuwa wazi kwamba wawili hawa ni kundi moja na wanafichana, na lori lina nafasi ya wote. Patroni akakunja nne.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mimi sikulifikiria, wala Aidah, wala yule mkubwa aliyetupatia nafasi. Tangu wamkamate, Cassien alikuwa anaulizwa majina ya wenzake tu. Majina, na kipigo, na majina tena. Habari ya chupa walituuliza sisi wengine. Yeye hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Wewe," ofisa alisema. "Siku ile getini ulikuwa na chupa, ao hukuwa nayo?"

Cassien aliinua kichwa. Aidah alilitamka jina lake polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Akamtazama mkewe kwa lile jicho moja, kwa muda, kwa mapenzi ambayo ningeona aibu kuyaeleza hapa. Kisha akanigeukia mimi, na niliona ananihurumia. Alikuwa amesikia uongo wangu na umemuuma, siyo kwa ajili yake, kwa ajili yangu.

Nikamtikisia kichwa kidogo, kiasi cha yeye tu kuona. Nikamwomba Mungu, niliyetoka kumkosea dakika ile ile, amzibe mtumishi wake mdomo leo tu, halafu anihukumu mimi kwa yote.

Mimi namjua Cassien. Nimefanya naye kazi geti moja, mvua na jua. Sijawahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumbembeleza mtoto anyamaze.

Akajifuta damu mdomoni kwa kiganja, akasimama wima kama tulivyokuwa tukisimama kuomba.

"Afande," akasema.